Mgonjwa Asiyekonda

Wanawake kumi na watatu walitoka shambani saa saba wakiwa na njaa, na githeri ikatosha tisa. Hapo ndipo mambo ya Loice yalipoanza kuharibika.

Si kwamba alipika kwa uchoyo. Alikuwa amebandika gorogoro nzima, lile kopo la kilo mbili, ya mahindi na maharagwe tangu alfajiri, akatia na viazi, kwa sababu desturi ya kikundi cha Toretgei ni moja: watu wakija kukuchumia majani chai, wewe unawalisha. Lakini Loice alikuwa na miezi mitano akimeza vidonge vinane kila asubuhi, na vidonge hivyo vilimletea njaa ambayo hakuwahi kuijua maishani. Alionja chumvi. Akaonja tena kuona kama maharagwe yameiva. Kisha akavuta kigoda, akakaa kando ya sufuria na mwiko mkononi, na alipokuja kuinuka aliona githeri imeshuka mpaka akaogopa. Akaongeza maji na chumvi kidogo, akafunika.

Rodah, mwenyekiti wa kikundi, ndiye aliyepakua. Alipofika sahani ya tisa alikwangua chini, akachungulia ndani ya sufuria, kisha akamtazama Loice. Wanne wa mwisho walipewa mchuzi na chai. Hakuna aliyelalamika, maana wanawake wa huku Mogogosiek wana adabu zao, na adabu hiyo wakati mwingine huuma kuliko matusi. Mmoja alisema tu kwamba mama wa nyumba hii anaonekana ana afya njema siku hizi. Wengine wakacheka ndani ya vikombe. Loice naye akacheka, mafuta ya githeri bado yako pembeni mwa mdomo wake.

Na kweli alionekana ana afya. Hilo ndilo lililokuwa balaa lake. Februari, kabla ya dawa, alikuwa hawezi kufunga vifungo vya blauzi kwa maumivu ya vidole, anakwenda chooni akishikilia ukuta, kilo hamsini na nne akiwa amevaa gambuti. Oyaro, tabibu wa kliniki moja mjini Kericho, alimpima damu akamwambia ni lupas, ugonjwa wa mwili kujipiga wenyewe, akampa dawa. Dawa ikafanya kazi. Maumivu yakapungua, homa ikakatika, na Loice akaanza kuvimba. Uso ulijaa ukawa mviringo, nundu ikaota nyuma ya shingo, tumbo likatangulia, na mizani ya kliniki ikasema themanini na moja. Ngozi ya mapaja ilichanika michirizi myekundu ambayo hakumwonyesha hata mumewe. Vidole viliweza kushika kijiko sasa, lakini kuchuma majani havikuweza kwa zaidi ya nusu saa.

Sasa nenda ukawaeleze watu wa huku kwamba mtu kama huyo ni mgonjwa. Huku mgonjwa anajulikana. Mgonjwa hukonda, macho huingia ndani, nguo humpwaya. Anayenenepa amepona, au ana mimba, au anakula vya watu. Loice alikuwa na miaka arobaini na minne na mimba haikuonekana ikizaliwa, basi watu wakabaki na hayo mengine mawili.

Kikundi chenyewe kilikuwa na sheria nzuri, lazima tukubali. Kila siku ya kazi wanachuma shamba la mwanachama mmoja, na baada ya wiki mbili na siku kidogo zamu inarudi pale pale. Anayeugua husamehewa kwenda kwa wenzake, na shamba lake huendelea kuchumwa mpaka asimame. Bila sheria hiyo shamba la Loice lingekuwa msitu. Kimeli, mumewe, alikuwa kibarua kiwandani, anaingia asubuhi anatoka jioni, na alichopata kiliishia kwenye dawa na karo ya Nelvine, binti yao wa pekee. Pesa za kulipa wachumaji hazikuwepo.

*

Jumapili baada ya ibada Rodah alikuja na wanawake wawili. Walisalimia, wakapewa maziwa lala, wakasifu maziwa, wakauliza habari za ng'ombe, za Nelvine na masomo. Kimeli alikuwa amekaa kwenye kochi la dirishani, kofia juu ya goti. Loice alijua kabla hawajasema. Wageni wenye habari njema huwa hawasifu maziwa mara tatu.

"Bot Nelvine," Rodah alianza, kwa jina la mtoto, kama wanavyoitana huko kwa heshima. "Hakuna mtu amesema wewe ni muongo. Hiyo neno isitoke kwa hii nyumba. Tunasema tu vile macho inaona."

Loice alisema ni dawa. Alisema dawa ndizo zinamnenepesha, hata daktari aliandika kwa kitabu, akaenda chumbani kuleta kitabu cha kliniki. Walikipokea, wakakipitisha mkono kwa mkono, wakakigeuza. Mwandiko wa Oyaro haukusomeka na mtu yeyote.

"Dawa ya kunenepesha mtu," alisema mmoja polepole, si kwa dharau, bali kama anayejaribu kuona inavyowezekana. "Na yangu ya presha mbona hainipi hata shavu?"

Rodah hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, magoti yote mawili mabovu, na asubuhi hiyo alikuwa ameteremka na kupanda kilima kwa ajili ya mazungumzo haya. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi kumchukia.

"Mimi nachuma kwako na hii magoti," alisema. "Siku ile narudi nyumbani sijakula, naulizwa, nyinyi mlienda kwa mgonjwa ama kwa harusi? Nitajibu nini? Wamama wanasema ukisimama, urudi kwa zamu kama sisi. Ukilala tena, tutakuja. Tutaona na tutakuja."

Loice alimtazama mumewe. Alingoja aseme ni nani aliyemshikilia Loice begani usiku ule wa Februari, ni nani aliyemfunga vifungo vya blauzi. Kimeli aligeuza kofia, akatazama ndani yake, akaigeuza tena. Wageni wakaomba, wakaaga, wakaondoka na adabu zao.

Walipopotea kwenye kona ya ua, Loice alimuuliza kwa nini hakusema neno hata moja.

"Ningesema nini?" Kimeli alijibu. "Hata mimi nakuona."

Maneno hayo yalimuingia Loice kuliko yote ya kikundi. Alikwenda jikoni, akafungua sufuria ya ugali wa jana, akala wote kwa mikono akiwa amesimama, huku analia na huku anatafuna.

*

Majani chai hayangoji maneno ya watu yaishe. Wiki ya zamu ilifika, wanawake hawakuja, na matawi yakapanda juu ya meza, ule usawa wa kuchumia, yakaanza kukomaa. Loice akafunga aproni ya plastiki, ambayo sasa kamba zake hazikufika nyuma, akajifunga kwa kipande cha kamba ya ng'ombe, akaingia shambani.

Mistari ya michai ya Kimeli ilipandwa na babake kwa kubanana, kwa kuwa enzi hizo kila mche ulikuwa mali. Mwanamke mwembamba hupita akiwa ameinua mikono. Loice alikwama. Alisukuma nyonga zake katikati ya matawi, yakamkwaruza, akasonga hatua nne, akasimama kuvuta pumzi, akachuma mpaka vidole vikagoma. Kabla ya saa nne alikuwa ameketi chini kati ya michai, haonekani na mtu, na hilo peke yake lilimfariji.

Alipeleka kilo sita kituoni, pale majani yanapopimwa. Watu walikuwa wamepanga foleni na magunia yao, na wengine kati yao walikuwa wa Toretgei. Karani alitundika kikapu chake kwenye mizani, akaangalia mshale ambao haukusogea sana, kisha akamwangalia yeye.

"Mama, hii kikapu imetudanganya," alisema. "Panda wewe kwa mizani, leo lori ijae."

Foleni nzima ikacheka. Hata Rodah alitabasamu kidogo, kisha akatazama kando. Loice alicheka pia, akachukua risiti yake, akasema asante. Alipanda kilima hadi nyumbani akipumzika kila baada ya nguzo mbili za stima.

Jioni hiyo alimpigia Oyaro simu. Alimuomba amtoe kwenye dawa hizo au ampe zingine. Oyaro alimsikiliza vizuri, maana alikuwa kijana mpole, akamwambia watapunguza, lakini kidogo kidogo, kuanzia kliniki ya mwezi ujao, baada ya kupima damu.

"Mama, usiache hizo dawa ghafla," alisema. "Mwili wako umezoea kupewa. Umesahau kujitengenezea. Ukizikata siku moja, unaweza kuanguka na tusikuokote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari."

Na alikuwa ameelewa, asije mtu akasema ni ujinga. Alielewa kila neno. Lakini kliniki ya mwezi ujao ilikuwa mbali, shamba lilikuwa nje ya mlango, na watu walikuwa wamesema wakiona watakuja. Alijiambia ni wiki tatu tu, wamwone, warudi, kisha ataanza tena kumeza. Alikuwa amechoka kuwa mgonjwa ambaye hakuna anayemhurumia.

*

Kila asubuhi alihesabu vidonge vinane mbele ya Kimeli, akamimina maji kwenye kikombe, na mumewe akishatoka kwenda kiwandani alivipeleka chooni. Siku za kwanza hakuona kitu. Halafu njaa ikaondoka. Iliondoka yenyewe tu, na Loice akakaa mbele ya sufuria ya maharagwe bila kutaka hata kuonja. Alishukuru Mungu kwa sauti.

Wiki ya pili uso ulianza kurudi. Shavu lilishuka, kidevu kikatengana na shingo. Maumivu nayo yalirudi, magotini na kwenye vifundo vya mikono, lakini hayo alikuwa anayafahamu, akayapokea kama wageni waliochelewa. Nelvine ndiye aliyemfumania. Siku moja hakwenda shule kwa sababu ya mvua, akaenda chooni nyuma ya mama yake, akamwona akifungua kiganja juu ya shimo.

Loice alimshika mkono msichana huyo wa miaka kumi na minne, akamsihi asimwambie baba. Alimwambia ni kwa muda mfupi, ni kwa ajili ya shamba, karo yake mwenyewe inatoka kwa yale majani. Hapo alimtwika mtoto mzigo ambao haukuwa wa umri wake. Nelvine akaitunza siri hiyo.

Wiki ya tatu alianza kutapika. Akisimama, nyumba ilizunguka. Akilala, alisikia baridi mchana wa jua. Kimeli alinunua dawa ya malaria. Jumapili Loice alivaa gauni lake la kitenge ambalo lilikuwa limekataa kufunga tangu Aprili, likafunga, na nafasi ikabaki. Alitembea kwenda kanisani akiwa ameshikwa na mume upande mmoja na binti upande wa pili. Watu waligeuka kumtazama, na safari hii hawakucheka.

Rodah alimfuata nje baada ya ibada. Alimshika uso kwa mikono yote miwili, akageuza kwenye mwanga, akatazama macho yaliyoingia ndani. Machozi yakamtoka mama huyo mzima.

"Bot Nelvine, tusamehe," alisema. "Sasa tumeona. Jumatano tunakuja wote."

Loice alifurahi kiasi cha kuishiwa na nguvu miguuni. Walidhani ni ugonjwa, wakambeba hadi kwenye benchi.

*

Jumatano walifika saa moja na nusu, kumi na watatu, hakuna aliyekosa. Wengine walikuja na unga na mboga zao, ili nyumba ya mgonjwa isisumbuke kupika. Waliingia mistari ya juu wakashuka kwa pamoja, wakiimba mapambio ya kanisa, vikapu mgongoni. Kimeli alikuwa ameomba ruhusa kazini siku hiyo apange magunia. Loice alilazwa kwenye kochi la dirishani ili awaone.

Aliwaona mpaka kama saa nne. Baada ya hapo alianza kumuuliza Nelvine kama ni jioni. Midomo ilikuwa imekauka, mikono baridi, maneno yanatoka moja moja. Alitapika uji, akatapika maji. Nelvine alisimama katikati ya chumba na beseni mkononi, kisha akaweka beseni chini, akatoka mbio kumwita babake, akamwambia yote palepale nyuma ya nyumba.

Kimeli alimpigia Oyaro. Alibonyeza namba vibaya mara mbili. Oyaro hakumlaumu wala hakupoteza maneno.

"Mlete sasa," alisema. "Si jioni. Si baada ya chakula. Sasa hivi, tumtundikie dawa kwa mshipa."

Ilikuwa saa tano. Kulikuwa na jirani mwenye gari aina ya probox ambaye angefika kwa dakika kumi akiitwa. Kimeli aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kochi, akamwambia mkewe wanakwenda Kericho. Loice alifumbua macho.

"Wamefika wapi?"

"Nusu. Nusu na kidogo."

"Wacha wamalize kwanza."

Kimeli alijua mkewe anamaanisha nini. Katika kikundi hicho mgonjwa akitolewa nyumbani kwenda hospitali, hakuna mwanamke anayebaki na kikapu mgongoni. Wote huacha kazi, wakamsindikiza mpaka barabarani, na wawili hupanda naye gari. Majani yaliyochumwa yangebaki chini yakipata joto kwenye magunia na kuharibika. Na hao wawili wangesimama kando ya kitanda wakati Oyaro akiuliza dawa ziliachwa lini na nani.

"Wataniita muongo mara ya pili," Loice alinong'ona. "Hawatarudi tena. Baba Nelvine, naomba. Wacha wamalize."

Alimtazama mkewe. Kisha alitazama nje, kwenye michai ambayo kwa wiki tano ilikuwa imemnyima usingizi, na ambayo sasa nusu yake ilikuwa imechumwa safi. Mtu angependa kusema kwamba alipigana sana na nafsi yake. Hakupigana sana. Alimwambia Nelvine ampe mama vidonge vinane na maji, atakuwa sawa, gari itaitwa. Kisha alichukua kikapu, akaingia shambani na kuchuma pamoja na wanawake, kwa mikono miwili, haraka kuliko wote. Rodah alimtania kwamba leo baba amekuwa mama. Vidonge Loice alivitapika kabla hajamaliza kuvimeza, na Nelvine akampa vingine, navyo vikatoka.

Walimaliza saa nane na nusu. Kilo mia tatu na arobaini, karani alisema baadaye, majani ambayo shamba hilo halikuwahi kutoa kwa siku moja. Wakati wanafunga magunia ndipo Kimeli alipopiga simu, na probox ikaja kwa dakika kumi. Wanawake walimbeba Loice kwa shuka. Mmoja alisema masikini, amekuwa mwepesi. Loice alisikia, maana alifungua macho, akamtafuta aliyesema.

Alikata roho njiani, kichwa chake kwenye mapaja ya Rodah, kabla hawajaona nyumba za kwanza za Kericho.

Oyaro alitoka mlangoni akiwa na glavu mkononi. Alipima shingo, akapima tena, akavua glavu. Aliuliza kwa sauti ya chini kwa nini wamechelewa, ilhali aliwaambia tangu saa tano.

"Gari ilichelewa," Kimeli alisema.

"Gari za kule kwetu ni shida," Rodah aliongeza, akijifuta machozi. "Zinangoja mpaka mtu akufe."

*

Alizikwa Jumamosi, upande wa juu wa shamba, mahali pasipo na michai. Watu walikuwa wengi, na Toretgei walivaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Rodah aliomba nafasi ya kusema. Alisimama akiegemea fimbo yake, akangoja kimya kiwepo.

"Sisi wamama tulimkosea huyu mtu," alisema. "Tulimuona amenona tukasema ameshiba. Leo nasimama hapa mbele ya kaburi niseme, Bot Nelvine alikuwa mgonjwa kweli. Hakudanganya mtu. Huu ugonjwa ndio umemuua, na sisi ndio mashahidi."

Wanawake walilia. Wengine waliitikia kwamba ni kweli, alikuwa mgonjwa, na mmoja akaahidi mbele ya watu wote kwamba shamba hili litachumwa mwaka mzima bila zamu kuulizwa. Nelvine alikuwa amesimama kando ya babake. Alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anamtazama tu, anangoja aseme.

Pasta aliuliza kama kuna mtu mwingine wa familia aliye na neno kabla ya kufunga kaburi. Kimeli alitikisa kichwa, na pasta akaendelea na sala.